Leso Moja, Beti Tatu: Kisa cha Rangi katika Video ya Majanji

"Mbona mwanangu amepauka hivi? Hamkumpaka mafuta?"

Mama yake mwimbaji aliuliza hivyo tukiwa sebuleni kwake Busia, na video haikuwa imefika hata ubeti wa pili. Hakuwa analaumu. Alishtuka tu, kama mzazi anavyoshtuka akimwona mtoto wake ametoka nyumbani bila kujitazama kwenye kioo. Rangi za video ile nilizipanga mimi, na mpaka dakika ile niliamini kwamba ndiyo kazi nzuri kuliko zote nilizofanya mwaka huo. Nakieleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu swali la mama lilinionyesha jambo ambalo miaka minne ya kujifunza mtandaoni kugredi, yaani kupanga rangi za video, haikuwa imenionyesha, na kwa sababu kosa nililolifanya bado naliona kwenye video za vijana wenzangu wenye vipaji vikubwa.

Wimbo wenyewe ni wa taratibu, dakika 3 na sekunde 52. Mke anamngoja mume aliyekwenda ziwani usiku kuvua dagaa, wale ambao Waganda huwaita mukene, na mume hakurudi. Umeimbwa kwa Kiswahili kwa sababu mwimbaji ni mtu wa Busia, na Busia ni mji mmoja uliokatwa na mpaka. Upande wetu wa Uganda na upande wa Kenya watu wananunua, wanagombana na wanaoana kwa Kiswahili, tangu zamani kabla Baraza la Mawaziri la Uganda halijakikubali kuwa lugha rasmi mwezi Julai 2022. Ubeti wa kwanza ni jioni: mume anajiandaa kutoka, mke anamjazia karabai mafuta ya taa. Ubeti wa pili ni usiku wa kungoja, kisha alfajiri mitumbwi inaporudi. Wa tatu ni mwaka mmoja baadaye. Katika beti zote tatu mke amejifunga leso ileile. Kisa chote kimo kwenye leso hiyo, nami sikuiona mara ya kwanza.

Tulipiga picha siku mbili za mwezi Mei huko Majanji, kwenye mwalo wa Ziwa Victoria. Kamera ilikuwa ya biti 8, na mpiga picha alirekodi kwa S-Log3. Kwa asiyeijua, picha ya logi hutoka kwenye kamera ikiwa imefifia makusudi, kijivukijivu, ili ibebe mwanga mkali na giza kwa pamoja. Rangi zake hurudishwa baadaye mezani. Tatizo ni kwamba biti 8 hutoa ngazi 256 tu kwa kila moja ya rangi tatu za msingi, wakati biti 10 hutoa 1,024. Ukiivuta sana picha ya logi yenye ngazi chache, anga inakatika vipande kama ngazi za saruji. Hilo lilikuja kunisumbua baadaye.

Mwongozaji alijua anachotaka. "Kaka, nataka bluu," aliniambia. "Mtu ajue kuna msiba kabla dada hajafungua mdomo." Alinitumia picha kadhaa za video za nje, zote zimezama kwenye bluu inayoelekea kijani, nyuso zimepoa kama chuma. Nikachukua lati, yaani faili dogo lenye mapishi ya rangi yaliyokwisha kupikwa na mtu mwingine, nikaimwaga juu ya video nzima. Kisha nikaongeza yangu. Nilisukuma vivuli kwenye bluu, nikasukuma mng'ao kwenye bluu, nikapunguza ukolevu wa rangi karibu nusu, nikapandisha weusi kidogo ili picha iwe na ukungu. Kwenye kioo changu, chumbani, taa zimezimwa, ilipendeza. Mwongozaji alifurahi. Mwimbaji mwenyewe alinyamaza, akasema ni nzuri. Ukimya wake nilipaswa kuusikia.

Sasa twende kwenye ngozi.

Ngozi nyeusi yenye afya, iliyopakwa mafuta, hupokea mwanga kwa namna mbili. Sehemu ya mwanga huingia ndani kidogo, ikutane na melanini, ile rangi ya asili ya ngozi, na damu, kisha itoke ikiwa na joto: hudhurungi, wekundu wa ndani, kahawia ya maji ya kunde. Sehemu nyingine haiingii kabisa. Inaruka juu ya mafuta kama inavyoruka juu ya maji, na kufanya ule mng'ao kwenye paji la uso, shavu na ukingo wa pua. Mng'ao huo unaonyesha kilichomulika. Chini ya anga huwa na samawati kidogo, mbele ya karabai huwa wa dhahabu. Kwa mtu mweusi mng'ao huu unabeba sehemu kubwa ya umbo la uso, kuliko kwa mtu mweupe.

Ngozi iliyokauka hufanya kinyume. Mwanga ukiipiga unatawanyika, hauning'inii mahali pamoja. Weusi unapanda kuwa kijivu. Joto la ndani linafunikwa. Mng'ao unageuka kuwa unga mweupe wenye ubaridi. Hebu zirudie hatua zangu: nilipandisha weusi, nikapunguza ukolevu, nikatia bluu kwenye mng'ao. Zote tatu ni kazi ambazo upepo wa ziwani humfanyia mtu asiyejipaka mafuta. Mama hakuwa anaongea kwa mafumbo. Alichokiona ndicho nilichokichora.

Kipimo kingeniambia. Programu ninayotumia, DaVinci Resolve, ina vektaskopu, duara linaloonyesha kila rangi ya picha imelalia upande gani. Ndani yake kuna mstari mmoja unaopita kati ya nyekundu na manjano, nao huitwa mstari wa ngozi. Nyuso za watu wa kila taifa huangukia karibu na mstari huo, kwa kuwa ndani ya ngozi zote kuna damu na melanini ileile. Tofauti kubwa iko kwenye mwanga na ukolevu, si kwenye upande wa rangi. Uso wa mwimbaji ulikuwa umeuacha mstari na kujikusanya katikati ya duara, mahali pa kijivu. Sikutazama. Nilikuwa natazama "hisia".

Lile lati nalo lilikuwa na asili yake. Vifaa vya picha vimekuwa na uso mmoja vichwani mwao kwa muda mrefu. Kuanzia miaka ya 1950 Kodak, kampuni ya filamu, ilizipelekea maabara za kusafisha picha kadi yenye mwanamke mweupe, kadi ya Shirley, na rangi ya ngozi yake ndiyo iliyokuwa kipimo cha picha iliyotoka sawa. Malalamiko ya watengenezaji wa chokoleti na samani, ambao hudhurungi zao zilikuwa zinafanana zote kwenye picha, yalisaidia kuisukuma Kodak iboreshe filamu zake. Kamera za leo ni bora mno kuliko hizo, lakini lati ni mapishi ya mtu, na mtu huonja kwa ulimi wake. Ukiimwaga bila kuonja kwa ulimi wako, unakubali uso aliokuwa nao yeye akilini.

Niliporudi Kampala nilikaa siku mbili bila kulifungua faili. Kilichonizunguka kichwani ni lile neno la mama, kupauka. Nikajiuliza bluu ya huzuni tumeitoa wapi sisi. Waingereza humwita mwenye huzuni "wa bluu", na video zao zinafuata lugha yao, ni haki yao. Kwetu samawati ni anga na ziwa, ni mahali ambapo watu hupatia riziki. Huzuni kwa Kiswahili haina rangi yake. Huzuni ni rangi inayoondoka. Tena lugha inajua inaondoka wapi. Uso wa mwenye majonzi husawajika, nuru inamtoka. Ngozi iliyokosa mafuta hupauka. Nguo iliyofuliwa sana huchujuka. Hivyo ni vitenzi vitatu kwa mambo matatu, nami nilikuwa nimevichanganya. Wimbo ulikuwa unahusu mwaka wa kuchujuka. Nilichofanya ni kumpausha mwanamke.

Nikampigia mwimbaji, nikamwambia nataka kuanza upya kwa gharama yangu. Akasema sentensi ambayo niliiandika kwenye karatasi na kuibandika pembeni ya kioo: "Kaka, chakaza nguo zangu, chakaza nyumba, lakini mimi niache hai. Yule mwanamke bado anajipaka mafuta kila asubuhi, ndiyo maana inauma."

Basi mara ya pili nilianza na uso. Nilikwenda shoti kwa shoti, kabla sijagusa kingine chochote, nikirudisha ngozi kwenye mstari wake na kuhakikisha mng'ao upo. Kwa mwanga nilimweka chini: sehemu kubwa ya uso wake ilikaa kati ya 30 na 45 kwenye kipimo kinachokwenda hadi 100, mng'ao wa paji ukifika 60 na kitu. Wengi wakimwona mtu mweusi tititi kwenye kioo huogopa wakamwangaza mpaka akawa wa kijivu. Haihitajiki. Weusi ukiwa na mng'ao na joto unaonekana vizuri hata ukiwa chini.

Kisha leso.

Tulikuwa na leso moja tu siku za kupiga picha, mpya, bado na ukakamavu wa dukani. Nyekundu, pindo la maua meusi, na nafasi nyeupe ndani ya maua. Kwenye hadithi umepita mwaka, na leso ni mpya vilevile. Kama fundi wa mavazi angeleta ya pili iliyochakaa tusingekuwa na kazi hii, lakini hakuwepo fundi wa mavazi. Ilibidi niifue mimi kwa programu.

Jaribio la kwanza nilipunguza ukolevu wa nyekundu, basi. Haikufanana na leso kuukuu; ilifanana na leso mpya iliyopigwa picha mbaya. Nikachukua leso ya zamani ya mama yangu mzazi, anayofungia maharagwe siku hizi, nikaitandaza dirishani saa 4 asubuhi na kuitazama kwa makini kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Nyekundu yake haikuwa imepungua tu, ilikuwa imehama. Ilikuwa imeelekea rangi ya tofali, hasa upande uliokuwa ukielekea jua kwenye kamba. Nyeusi haikuwa nyeusi tena, ilikuwa hudhurungi iliyokolea. Nyeupe ilikuwa rangi ya maziwa, na karibu na maua ilikuwa na waridi, kwa sababu nyekundu ilitoa rangi kwenye beseni miaka mingi iliyopita na haikutoka. Na palipokuwa na mikunjo ya kila siku, pale kiunoni panapofungwa fundo, palikuwa pamekwisha kabisa.

Nikaijengea leso nodi nne zake yenyewe, yaani hatua nne za kurekebisha rangi. Ya kwanza iliigeuza nyekundu kidogo kuelekea rangi ya chungwa, kisha ikaipunguza. Ya pili ilipandisha weusi wa pindo na kuutia hudhurungi. Ya tatu iliipa nyeupe umaziwa na waridi hafifu. Ya nne ilikuwa kivuli laini chenye umbo la yai, kimefungwa kwenye fundo la kiunoni na kumfuata anapotembea, kikipunguza ukolevu zaidi mahali pale. Ubeti wa pili ulipata nusu ya nguvu ya mapishi haya, wa tatu ukapata yote.

Sitaki nionekane nimepita kirahisi hapa, maana hapa ndipo muda wote ulipoishia. Rangi ya tofali na rangi ya ngozi yake ni majirani. Kila nilipoiambia programu ichague nyekundu ya leso, ilichagua na midomo yake, viganja, na ukingo wa shavu uliomulikwa na karabai. Nikiibana zaidi, inaacha mashimo kwenye leso. Mwishowe nilichora mpaka wa leso kwa mkono, shoti 31, na penye mikono inayopita mbele ya leso nilisogeza alama fremu baada ya fremu. Shoti moja ya sekunde 6, anapojikunja leso upya huku akitazama ziwa, ilinichukua usiku mzima. Fremu 25 kwa sekunde, ni fremu 150. Ndiyo shoti ninayoipenda kuliko zote.

Kijani kilikuwa adui wa aina nyingine. Mei Majanji ni kijani kitupu: mafunjo, migomba, nyasi zilizonyeshewa mvua hadi zinalia. Ni kijani cha furaha, na kwenye ubeti wa kwanza nilikiacha hivyohivyo. Kwenye ubeti wa tatu kilikuwa kinamcheka yule mwanamke. Tatizo hili si geni. Filamu ya mwaka 2000 ya waongozaji wa Marekani, ndugu Coen, O Brother, Where Art Thou?, iliyopigwa na Roger Deakins huko Mississippi wakati majani yamejaa, ilihitaji dunia kavu yenye vumbi, na kijani chote kikageuzwa kuwa dhahabu ya majani makavu kwa kompyuta. Ilikuwa miongoni mwa filamu ndefu za kwanza kufanyiwa rangi yote kidijitali. Sikufika mbali hivyo. Nilikisogeza kijani kuelekea manjano kidogo na kukipunguza, mpaka migomba ikaonekana kama iliyongoja mvua wiki tatu. Ukizidisha, mtu wa Busia ataona mara moja kwamba pale si kwao. Na chini ya migomba nilikuta majani yametupa kijani chake kwenye taya ya mwimbaji, nikakitoa kwa mkono kwenye shoti tano.

Taa sikuigusa sana. Tulitumia karabai halisi ya kuazima, ingawa wavuvi wengi sasa wamehamia taa za betri, kwa sababu taa ya LED ya bei nafuu hutia kijani kibaya usoni. Karabai ni dhahabu kwenye ubeti wa kwanza, ni dhahabu inayopungua kwenye wa pili, na kwenye wa tatu inaning'inia mlangoni haijawashwa.

Na bluu? Mwongozaji aliitetea, nami namheshimu kwa hilo. Tuliipa mahali pamoja. Alfajiri, kabla jua halijachomoza, mwanga wa Majanji ni bluu kweli, bila mtu kuuchora. Karibu na ikweta jua hupanda karibu wima, kwa hiyo muda huo ni kama dakika 20 tu, na mpiga picha aliuwahi kamera ikiwa imefungwa kwenye mizani ya rangi ya mchana ili isiiondoe bluu yenyewe. Mitumbwi inarudi, wanawake wanasimama majini hadi magotini, mitumbwi inahesabiwa, mmoja haupo. Sekunde 14. Niliiacha bluu ile ilivyotoka kwenye kamera, nikalinda nyuso tu. Kwa kuwa haijaonekana popote kabla, ikitokea unaisikia kifuani. Mwongozaji alipoitazama alikaa kimya, kisha akaniomba niirudishe nyuma aione tena.

Kabla ya kuitoa niliibana video kwenye simu tatu, moja ya bei ya chini kabisa, nikatoka nazo hadi stendi ya boda karibu na ofisi saa 8 mchana. Mtazamaji wetu yuko juani, mwanga wa kioo ameupunguza kutunza betri, na video imemfikia kupitia WhatsApp ikiwa imegandamizwa mara mbili. Ubeti wa pili ulipotea kabisa, ikabaki sauti na nukta ya karabai. Kijana mmoja wa boda alisema, "Boss, hapa umeme umekatika?" Nikarudi, nikapandisha usiku wote kidogo, nikamwongezea mwimbaji mwanga wa ukingoni. Kwenye kioo changu ilipoteza utamu kiasi. Kwenye simu alionekana.

Kuna kitu hakijapona. Anga ya usiku kwenye ubeti wa pili bado imekatika ngazi ukiitazama kwenye runinga kubwa, kwa sababu ya zile biti 8. Niliinyunyizia chembechembe ili kuzificha, zikafichika kwenye simu na kubaki kwenye runinga. Safari ijayo, kwa kamera kama hiyo, nitamwomba mpiga picha aachane na logi kwa shoti za usiku na achague wasifu wa picha usiohitaji kuvutwa sana.

Tulirudi Busia Jumapili. Sebule ileile, runinga ileile, nimeshika chai siinywi. Mama alitazama mwanzo hadi mwisho bila kusema neno. Ulipofika ubeti wa tatu alijifuta uso kwa ncha ya shuka. Video ilipokwisha hakuuliza chochote kuhusu rangi, na mimi sikumwambia. Alimgeukia binti yake akamuuliza, "Ile leso niliyokununulia, umeiachaje ikachakaa hivyo?"

Mwimbaji aliinuka, akaingia chumbani, akatoka nayo imekunjwa. Mama aliipokea, akaikunjua magotini. Nyekundu ya dukani, maua meusi, nyeupe pe. Akaomba turudishe ubeti wa tatu, akaiinua leso kwa mikono miwili mpaka ikawa sambamba na kioo cha runinga, akasimama hapo akizitazama zote mbili.